Mapigo Manne ya Mji Ulionyamaza

Wembe ukishaanza kazi haubagui kichwa. Mtu anayekaa kwenye benchi akimcheka mwenzake kwa upara wake mpya, huku nywele zake mwenyewe zikiwa kavu na kinyozi ni yuleyule, atalia kuliko aliyetangulia. Ndiyo maana wahenga wakatuusia: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Usia huo tunaukariri tangu utotoni, tena kwa mbwembwe. Kuufuata ndiko kunakotushinda. Kisa cha mpiga kengele wa Mji wa Wafinyanzi kinayathibitisha hayo, nami nitakisimulia bila kumwonea wala kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Palikuwa na mto mpana uliokwenda baharini polepole, na kandokando yake miji minne iliyoitwa kwa kazi za watu wake. Karibu na bahari palikuwa na Mji wa Chumvi. Juu yake, mwendo wa saa mbili kwa miguu, palikuwa na Mji wa Wafumaji. Kisha ukafuata Mji wa Wafinyanzi, na mwisho, pale mto ulipobanwa na majabali, Mji wa Wahunzi. Kila mji ulikuwa na mnara wa kengele, na kila kengele ilikuwa na hesabu yake. Alfajiri watu wa Chumvi waligonga mara tatu. Wafumaji wakisikia tatu, waligonga nne. Wafinyanzi wakisikia nne, waligonga tano, na Wahunzi wakamalizia kwa sita. Hivyo kila mji ulijua kwamba jirani wa chini ameamka salama.

Sheria ya wapiga kengele ilikuwa moja tu. Usiposikia mapigo ya jirani, huulizi mtu wala huombi ruhusa. Unagonga mfululizo mpaka viganja vichubuke, ili watu wawavushe watoto na nafaka kwenda vilimani, na Wahunzi waufunge mto kwa mnyororo wao mkubwa pale penye majabali. Kengele hiyo iliitwa kengele ya mbio.

Mpiga kengele wetu aliirithi kamba kwa baba yake. Baba huyo aliwafundisha watoto wake wawili, yeye na dada yake mkubwa, na kusema kweli dada ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Alipoolewa katika Mji wa Wafumaji aliukuta mnara wao una mzee asiyeweza tena kupanda ngazi, akaichukua kamba. Tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana kila alfajiri bila kuonana. Dada alikuwa na mkono wake: pigo la tatu alilichelewesha kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka neno zito. Mdogo wake akilisikia pigo hilo, moyo wake ulitulia kwa siku nzima.

Kisha merikebu ya moshi ikaanza kuupanda mto. Ilileta vitambaa vyeupe vilivyolingana kama mayai, vikauzwa kwa bei ya kutupa, na mfumaji aliyetumia siku kumi kwa shuka moja akabaki na shuka yake mkononi. Katika Mji wa Wafinyanzi watu walicheka.

"Pole zao," alisema Mama Vyungu, jirani wa mpiga kengele, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono isiyokosa udongo. "Sisi nani atatuletea vyungu kwa merikebu? Vitafika vigae!"

Soko zima likaangua kicheko. Mpiga kengele naye alicheka, lakini kidogo, kwa sababu dada yake alikuwa huko. Siku moja akashuka kwenda kumtazama.

Mtaa wa wafumaji zamani ungeusikia kabla hujauona, kwa jinsi vitanda vya mfumi vilivyokuwa vikigongagonga kutoka kila mlango. Siku hiyo ulikuwa kimya kiasi kwamba alisikia hatua zake mwenyewe zikimfuata nyuma. Mara mbili aligeuka. Ndani kwa dada, pale kilipokuwa kitanda cha kufumia, palibaki mashimo manne sakafuni.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Kimeungua," dada alijibu. "Merikebu inakula kuni. Walivinunua vya mtaa mzima. Wanasema mbao kavu zinachemsha maji haraka."

"Sasa mnafanya kazi gani?"

"Tunalima pamba. Wakala wa merikebu anasema kwao kuna majumba ya mashine, na mashine hazilali. Zikikosa pamba zinasimama. Zikisimama, mji mzima unakosa kazi, na watu wanaanza kuwatazama wakubwa wao kwa jicho baya. Kwa hiyo pamba lazima itoke mahali. Na kitambaa kikishafumwa lazima apatikane wa kukinunua. Mahali penyewe ndio sisi." Dada alicheka bila sauti. "Tunatoa pamba, tunanunua shuka. Tumekuwa utumbo, kaka. Vitu vinapita tu."

"Na watu wa Chumvi? Hawajambo?"

Dada alilamba midomo. "Tatu zao zinasikika," alisema, akainuka haraka kumletea maji ya kunywa, ingawa hakuwa ameyaomba.

Mpiga kengele alirudi kwao na jambo likimkereketa kifuani. Njiani aliamua kujitia hamnazo. Nimewaona wengi wa aina hiyo, nami mwenyewe nimo.

Miezi michache baadaye Wakala mwenyewe akafika katika Mji wa Wafinyanzi. Alikuwa mtu mpole, mwenye saa ya mfukoni na Kiswahili kilichonyooka kama cha kitabuni. Sokoni aligawa bakuli za bati, na Mama Vyungu alipoiangusha moja makusudi ili aicheke, ikaruka na kutulia chini nzima. Kwa mkuu wa mji Wakala alileta majora mawili ya kitambaa: moja lake, jingine alipeleke kwa mkuu wa Wahunzi pamoja na salamu za urafiki. Mkuu huyo wa mji alikuwa mjomba wa mpiga kengele, ndugu wa mama yake. Alikuwa mtu wa huruma, ila aliogopa vurugu kuliko alivyoogopa kifo. Sebuleni kwake Wakala alikunjua ramani.

"Sikuja kuchukua kitu," alisema. "Nimekuja kuwalinda. Wapo wengine njiani, wenye bendera nyingine. Nao kwao wana mashine. Tusipofika sisi, watafika wao, na wao hawaji na karatasi. Wanakuja na bunduki."

"Kwani nyinyi hamna bunduki?" mpiga kengele aliuliza.

"Tunazo," Wakala alijibu kwa upole uleule. "Ndiyo maana tunaweza kuwalinda."

Mjomba alitia kidole gumba kwenye karatasi ya mkataba wa urafiki. Wakati huo mpiga kengele aliinama juu ya ramani. Mto ulichorwa vizuri, kila kona na kila kisiwa cha mchanga. Mji wa Chumvi ulipakwa rangi nyekundu, Mji wa Wafumaji nyekundu, na Mji wa Wafinyanzi vilevile. Aliipapasa rangi ya mji wao kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imekauka zamani. Wahunzi, ambao hawakuwahi hata kumwona Wakala, walikuwa tayari wamezungushiwa mstari wa penseli.

Alipotoka nje, Wakala aliinua uso akautazama mnara, kisha akaitazama saa yake. "Kengele yenu haikosei," alisema. "Nimeipenda. Itafaa."

"Itafaa nini, bwana?"

Wakala alitabasamu, akashuka kuelekea mtoni.

Siku ya tisa baada ya karatasi ile, mpiga kengele alipanda mnara kama kawaida. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Alishika kamba, akangoja nne. Hazikuja. Alihesabu pumzi zake mpaka mia moja. Majogoo waliwika wakanyamaza, na kutoka upande wa chini ikaja harufu ya moshi peke yake. Hakuhitaji kufikiri, mikono yake ilikuwa imeshaikaza kamba ili agonge kengele ya mbio. Ndipo aliposikia mtu akihema ngazini.

"Usigonge," alisema mjomba wake. "Mpwa wangu, nakuomba, usigonge."

"Mjomba, Wafumaji wamenyamaza! Dada yuko kule!"

"Najua. Wakala aliniletea habari jana. Kuna watu kule wamegoma kulima, na yeye anawatuliza. Siku tatu tu, basi. Ukigonga kengele ya mbio watu watakimbilia vilimani, Wahunzi watafunga mto, merikebu itakwama, nasi tutakuwa tumeivunja karatasi hata mwezi haujaisha. Sisi ni marafiki, imeandikwa. Wembe wa wakaidi hautuhusu."

"Na watu wakiuliza nne ziko wapi?"

Mjomba aliweka chini furushi alilokuwa amelikumbatia. Lilikuwa kipande cha lile jora jeupe. "Baba yako alikufundisha kuufunga ulimi wa kengele siku za msiba, isikike kama iko mbali. Na mnara uko upande wa kwao. Nani atajua?"

Ni rahisi kwangu mimi, nisiyekuwepo, kusema kwamba angempita mzee huyo na kuivuta kamba. Lakini baba yao alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea mpiga kengele, na zaidi ya hapo, mpiga kengele mwenyewe alitaka kuamini. Anayetaka kuamini hahitaji uongo mkubwa. Aliuzungushia ulimi wa kengele kitambaa tabaka kwa tabaka, akagonga nne. Hata pigo la tatu hakusahau kulichelewesha. Kisha akafungua kitambaa, akagonga tano.

Chini, Mama Vyungu alikuwa akiwasha tanuri lake. "Leo dada yako ana mafua?" alimpigia kelele. "Sauti imemkauka!"

"Ni ukungu," alijibu.

Mama Vyungu alicheka, naye akacheka. Kutoka mbali, kwa Wahunzi, zikasikika sita, safi na za furaha. Katika mji mzima hakuna aliyefunga hata furushi moja.

Siku ya pili alingoja tena, kwa kuwa moyo haukosi matumaini, kisha akagonga tena. Safari hii aliona kamba ni nyepesi kuliko kawaida, kana kwamba kulikuwa na mkono mwingine juu yake ukimsaidia kuvuta. Alitazama juu. Hapakuwa na kitu ila kengele na kile kitambaa cheupe, kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito zaidi. Alifunga kitambaa, akagonga nne. Kabla hajakifungua, kitu kikamjibu kutoka mtoni.

Ilikuwa honi. Ililia mara moja, ikalia mara ya pili. Ya tatu ikachelewa kidogo. Kisha ikaja ya nne.

Merikebu ilikuwa imetia nanga nyuma ya kona ya mto siku zote tatu, na watu wake walikuwa wakimsikiliza. Walikuwa wakingoja kuona kama mji utashtuka. Sasa walijua kwamba haukushtuka, na hawakuwa na haja ya kujificha tena. Pua nyeusi ya merikebu ikatokeza ukunguni, na askari wamesimama juu yake wamejipanga kama meno. Mpiga kengele alirarua kitambaa akagonga kengele ya mbio kwa nguvu zake zote, lakini askari wa kwanza walikuwa wameshatia mguu gatini. Watoto walikutwa vitandani na nafaka ghalani, na Wahunzi hawakusikia la kuwashtua: risasi moja ilikata kamba mikononi mwake, kengele ikakoma baada ya mapigo matano, hesabu ileile ya kila siku.

Nyuma ya merikebu lilikokotwa tishari lililojaa marobota ya pamba, na juu ya marobota walikaa wafumaji. Waliingizwa wote katika ghala kubwa la wafinyanzi, pamoja na wenyeji wao. Mpiga kengele alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia dada yake. Alikuwa amekonda, na hakuinua mkono kumsalimu.

"Dada! Kumbe u hai!"

"Kaka," dada alisema taratibu, "wewe ulikuwa unasikia nini?"

Mpiga kengele aliitazama mikono yake.

"Walitufungia tisharini siku tatu, nyuma ya ile kona. Alfajiri ya kwanza niliwaambia wenzangu, tulieni, sasa hivi mdogo wangu ataona tumenyamaza. Tukawa tunangoja kengele ya mbio. Tukasikia nne." Alimtazama usoni. "Nne zetu, na pigo langu la tatu humo ndani. Binti yangu akaniuliza, 'Mama, nani anatupigia? Si sisi tuko hapa?' Kaka, watu walianza kujipapasa mikono na nyuso, kuhakikisha kama wapo."

Mpiga kengele alianguka miguuni pake akalia kwa kwikwi. Alilia kwa aibu, na aibu ni chungu kuliko huzuni.

"Usinililie mimi," dada alisema. "Unadhani tatu za Chumvi nilizisikia? Chumvi walinyamaza tangu mwaka juzi. Mume wangu alisema nisiwatie watu hofu wakati wa mavuno. Nikaufunga ulimi kwa shuka, nikawa nagonga tatu zao, halafu nne zetu. Siku ile ulipokuja nilitaka kukuambia. Nikakuletea maji. Sote wawili tulifundishwa na baba mmoja."

Mchana huo kengele iliteremshwa kwa kamba na kulazwa ndani ya tishari. Askari mmoja alisema itakwenda kutundikwa kwenye jumba la mashine, kuwaita watu kazini. Tanuri la Mama Vyungu lilibomolewa ili matofali yake yajenge nyumba ya kuhifadhia pamba, na machimbo ya udongo yakapimwa kwa ajili ya mashamba. Mjomba alipewa kofia yenye kifungo cha shaba. Aliivaa, akakaa kizingitini pa nyumba yake, na hakuna aliyemsikia akisema neno tena.

Mpiga kengele alibaki na tumaini moja, nalo alilishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. "Kesho," alimnong'oneza dada, "Wahunzi watazikosa tano. Hakuna kengele tena, hata mimi siwezi kuwadanganya. Watafunga mnyororo. Merikebu haiwezi kupita pale. Wao watapona, dada."

Dada alimbana mkono. Habari ilipita ghala zima, mdomo hadi sikio.

Alfajiri watu wote walikuwa macho, wafumaji kwa wafinyanzi, wamezuia pumzi. Wakala alisimama mlangoni na saa yake mkononi, akisikiliza kama wao. Mnara ulikuwa mtupu, upepo hakuna, mto umelala. Dakika zilipita. Kimya kiliendelea, na kadiri kilivyoendelea ndivyo nyuso zilivyoanza kuchangamka gizani. Mama Vyungu alikuwa ameanza kutabasamu.

Kisha kutoka juu, upande wa majabali, kengele ikalia. Ililia kwa sauti nzito iliyofifia, kama iko mbali sana, kama ulimi wake umezungushiwa kitambaa cha lile jora la pili. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Na baada ya kitambo kidogo, zikafuata sita, safi na za furaha.

Hakuna aliyelia. Mama Vyungu, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliinua mkono akaupapasa uso wake mwenyewe, paji, pua na midomo. Mpiga kengele alichukua pamba iliyotapakaa sakafuni akajiziba masikio yote mawili, lakini alichelewa. Zile tano zilikuwa zimeshaingia.

Wakala alifunga saa yake, akaitia mfukoni. "Washa," alimwambia mtia kuni wa merikebu.

Kule juu Wahunzi walikuwa wakifungua milango yao na kuamkiana, wakiambiana kwamba majirani wa chini wameamka salama, na mnyororo wao mkubwa ulikuwa umelala ufukoni, mkavu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.